Bonde Kwenye Meza ya Maitu

Nilipoingia nyumbani kwa Maitu, mama yetu, wiki moja baada ya kumzika, nilimkuta Muriithi ameshachomeka waya ukutani. Muriithi ni mtoto wa dada yangu Wairimu. Ana karakana ya samani mjini Nyeri, na alikuwa ameibeba mashine yake ya kupiga msasa mpaka hapa Endarasha ili, kwa maneno yake, aiheshimu meza ya cucu, bibi yake. Alikuwa ameinama, jicho moja amelifunga, akitazama juu ya meza kama mtu anayelenga bunduki. "Tata Nyawira," akasema, jina la kumwita dada ya mama, "kwani hii shimo ilitoka wapi? Lakini usijali, ni kazi ya nusu saa. Nikishusha huu upande na ule, inakuwa flati kama kioo." Nikamwambia achomoe waya. Akacheka, akidhani naogopa stima. Mimi, ambaye nimenunua mashine za namna hiyo nikazichosha nikanunua nyingine. Nikamwambia tena, na mara hii aliisikia sauti yangu, akachomoa. "Sasa kaa," nikasema. Niliyomweleza siku hiyo yalikuwa mafupi, kwa sababu wageni walikuwa bado wanaingia kutoa pole, na mimi si mtu wa hadithi. Hapa nitayasema yote.

Mimi si mtu wa shule. Darasa la nne lilinitosha, au mimi nililitosha, sijui. Lakini kuna nyumba nyingi kati ya Karatina na Kerugoya ambazo watu wake wanakula juu ya meza zangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza cheti. Mwaka ninaousema nilikuwa msichana wa kupiga msasa katika karakana nyuma ya soko la Karatina. Pale wanaume walishika msumeno na randa, wanawake tulishika msasa. Fundi mkuu alipenda kuwaambia wateja kwamba mkono wa mwanamke ni laini, unasikia mbao. Ukweli ni kwamba hakuna mwanamume aliyetaka kula lile vumbi. Tulisugua vitanda na makabati, kutwa nzima, na vyote vilikuwa vya kupakwa rangi ya mafuta, kijani au maziwa. Kwa hiyo tulisugua vile mkono ulivyopenda, kwenda, kurudi, kukata nyuzi za mbao katikati, kuzungusha kama mtu anayeosha sufuria. Rangi ikipita, hakuna anayejua ulichofanya chini yake. Hicho ndicho nilichojifunza, na nilijifunza vizuri. Mikono yangu ilikuwa na kasi kuliko ya mtu yeyote pale, na nilijua hivyo, na nilitaka wengine wajue.

Nililala chumba kimoja na Nyaguthii. Yeye alikuwa mama wa makamo, mabega kama ya mbeba magunia, na ulimi ambao hata madalali wa viazi waliuogopa. Ukuta wetu ulikuwa wa maganda ya mbao yaliyobandikwa magazeti, na alfajiri, kabla hujafumbua macho, ulisikia mikokoteni ya kabichi ikigongana nje na watu wakitukanana kwa nani apite kwanza. Tulikula githeri, mahindi na maharagwe, karibu kila jioni, na parachichi likipatikana, na Nyaguthii alikunywa chai yenye tangawizi nyingi mpaka machozi yakamtoka, akisema inasukuma vumbi chini. Katika karakana yeye peke yake ndiye aliyepewa kazi za vanishi, kule pembeni karibu na dirisha. Nilimwambia siku moja anifundishe. Aliniangalia kuanzia kichwa mpaka miguu. "Wewe ni wa rangi," akasema. "Wewe unasugua kama unafukuza kuku. Ukitulia utaniambia." Nilikasirika. Nilijiambia ananionea wivu kwa sababu mimi nina kasi, na sikumuuliza tena.

Wakati wa Pasaka nilikwenda nyumbani. Nilikuwa stoo nikichagua viazi vya mbegu, na kati ya stoo na jikoni kulikuwa na mbao tu, tena zenye nafasi. Maitu alikuwa jikoni na Baba Mkubwa Githinji, kaka yake marehemu baba, wanakunywa chai. Mwaka ule Wairimu alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kerugoya, na wakwe walikuwa wametuma neno kwamba watakuja mwezi wa nane, wakae, tuzungumze nao, mambo ya ruracio, yaani mahari, yaanze. Nilisikia Baba Mkubwa akinyonya chai yake, halafu akasema, "Mama Wairimu, hao watu watakaa wapi?" Maitu akasema, "Kwa nyumba ya msichana. Kwani watu hukaa wapi?" "Nyumba gani? Watu wazima kutoka Kerugoya, wale wakiwa wameshikilia sahani kwa magoti kama watoto wa nasari? Wewe huna hata meza. Mimi niko na meza. Niko na viti vya kuegemea. Acha wakuje kwangu." Nilisikia kijiko cha Maitu kikizunguka kwenye kikombe, kikizunguka, ingawa sukari lazima ilikuwa imeyeyuka kitambo. "Na meza ikiwako?" akauliza mwishowe. Baba Mkubwa akacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anayemcheka mtoto. "Ikiwako, tutaona."

Asiyejua mambo yetu atasema ni kugombania mahali pa kulia. Sivyo. Maneno ya ruracio yanakaa kwa baba wa msichana. Yakikaa kwa Githinji, Githinji ndiye baba. Mbuzi wanaingia zizi la Githinji, na yeye ndiye anayesema kiasi gani na lini. Maitu angekwenda kupika katika jiko la mwanamke mwingine siku ya binti yake mwenyewe. Na baada ya hapo, kila jambo la boma letu, hata shamba lile dogo linaloelekea mtoni, lingeamuliwa juu ya meza ileile ya Githinji. Hayo hayakusemwa. Hayakuhitaji kusemwa. Baba Mkubwa alipoondoka niliingia jikoni na viazi kwenye kanga, nikasema, "Meza nitatengeneza mimi." Wairimu alikuwa amepiga magoti akipuliza moto. Akainua uso uliojaa jivu. "Wewe? Wewe unajua kusugua." Maitu hakucheka. Aliinua macho kwenye itara, ile dari ya fito iliyo juu ya moto ambapo watu walikausha kuni na mahindi, akasema, "Mbao ziko."

Zilikuwako kweli. Baba alikuwa amezipandisha pale mwenyewe, mbao pana za mukima, ule mti wa kivuli wa mashambani, kabla hajaugua, akisema siku moja zitafanya kazi. Tangu hapo zilikuwa zimekaa katika moshi, na hakuna mtu aliyethubutu kuzishusha kwa kazi ya banda la kuku. Nilizishusha mwishoni mwa mwezi wa saba, nilipopata ruhusa karakanani. Zilikuwa nyeusi kama sufuria, lakini kavu, ukizigonga zinalia. Miguu haikunisumbua. Sehemu ya juu ndiyo meza. Nilinyoosha kingo, nikapaka gundi, nikaziunganisha mbao tatu nikazifunga kwa kamba ya kufungia ng'ombe niliyoisokota kwa kijiti mpaka gundi ikatoka kama jasho. Zilishikana vizuri, na zimeshikana mpaka leo. Lakini hazikulingana. Ubao wa katikati ulikuwa umesimama juu kidogo kuliko wenzake, unasikia ngazi ukipitisha kidole. Mtu mwenye akili angeazima randa nzuri. Randa niliyoipata kwa jirani ilikuwa na pengo, ikararua mbao mara ya kwanza tu, nikaitupa pembeni. Nikachukua msasa namba arobaini, ule wenye meno, nikafanya nilichojua. Nilisugua kwa kukata nyuzi katikati, upande hadi upande, kwa kasi yangu yote, uani, jua la adhuhuri likiwa juu ya kichwa. Ngazi ikaisha. Watu waliopita njiani walisimama kutazama vumbi.

Halafu kulikuwa na doa. Katika miaka ile ya itara, utomvu mweusi wa moshi ulikuwa umedondoka mahali pamoja, ukaingia ndani ya ubao wa katikati, doa la ukubwa wa kiganja. Nilisema siwezi kuweka wakwe mbele ya doa la jikoni. Nikalipiga kwa tupa. Likafifia, halikutoka. Nikakunja msasa juu ya kidole gumba, nikalifuata. Kila nikifuta, lilibaki kidogo, na kile kidogo kilinikera kuliko lile kubwa. Nililifukuza mchana kucha. Lilipotoka nilishangilia peke yangu. Niliruka moja kwa moja kutoka msasa wa meno hadi ule laini kabisa, kwa sababu mkono ulipopita ulisikia hariri, na mkono wangu ndio niliouamini. Tukaiingiza sebuleni, mimi na Wairimu, nikapaka vanishi. Jioni ile, kwa mwanga wa koroboi, iling'aa. Maitu alisimama mlangoni na kitambaa mkononi akaitazama muda mrefu. Alisema tu, "Baba yako angependa rangi yake." Wairimu akaenda kunitengea chakula kikubwa kuliko cha wengine.

Sebule yetu ilikuwa na dirisha moja, dogo, linaloangalia Mlima. Asubuhi jua likitoka nyuma ya Mlima huingia pale limelala, linapita juu ya kila kitu kama kisu. Niliingia na kikombe cha uji, na nilichokiona kilinifanya nikiweke kikombe sakafuni. Meza nzima ilikuwa imekwaruzwa. Mistari, maelfu, yote imekata nyuzi, kama paka wote wa eneo letu la Kieni walikuwa wamenolea kucha hapo. Vanishi ilikuwa imeingia kila mkwaruzo ikautia wino. Na katikati, pale palipokuwa na doa, mwanga uliingia ukakaa, kama maji kwenye nyayo ya ng'ombe. Nilikuwa nimechimba bonde. Uani, jua likiwa juu, huoni kitu. Sebuleni, ambako wakwe wangekaa, unaona kila kitu. Niligusa vanishi. Kidole kilinata. Ukungu ulikuwa ukishuka kila jioni siku zile, hakuna kilichokauka Endarasha, hata nguo kambani. Ilikuwa Jumatano. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi.

Na Baba Mkubwa alikuja asubuhi ileile. Sijui nani alimwambia; katika boma zetu hakuna haja ya kuambiwa. Aliingia na kofia yake, akazunguka meza polepole, mikono nyuma. Maitu alisimama karibu na ukuta. Mimi nilisimama na kidole kinachonata. "Hii," akasema, "ni meza ama ni mgongo wa ng'ombe aliye na upele?" Akainama upande wa dirisha, akaliona bonde. "Na hapa mtanywesha ndama?" Halafu akaacha mzaha. Akamgeukia Maitu akasema kwa upole, na ule upole ndio uliouma, "Mama Wairimu, usijiaibishe. Ijumaa alasiri nitatuma vijana wachukue masufuria na zile kuku, wapeleke kwangu. Msichana amejaribu. Si makosa yake, si kazi ya wasichana." Alipotoka, Maitu alianza kukusanya vikombe. Havikuwa vichafu. "Utafanya nini?" aliniuliza bila kunitazama. Nikasema, "Naenda Karatina." Nilipanda juu ya lori la viazi, juu ya magunia yenyewe, na nilifika nikiwa na matope mpaka kwenye nywele.

Nyaguthii alikuwa anakula. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye namba arobaini aliacha kutafuna. "Ulikata nyuzi?" "Ndio." "Halafu ukaruka hadi laini?" "Ndio." "Ukapaka vanishi kwa ukungu." Nikatazama matope ya miguu yangu. "Nilikuambia wewe ni wa rangi," akasema, akamaliza sahani yake yote, taratibu, na mimi nimesimama. Kisha akachukua kikapu, akatia misasa ya kila namba, penseli, na vipande vya kioo cha dirisha alivyovifunga kwa gazeti. "Maitu wako anapika nini vizuri?" "Mukimo wa viazi na mahindi." "Basi twende. Na njiani usiniongeleshe, niko na hasira na wewe."

Alhamisi asubuhi jua lilipoingia, alifunga macho akapitisha viganja vyote viwili juu ya meza, kutoka mwisho hadi mwisho. Alipofika katikati mikono ikasimama. "Hapa ulikuwa unatafuta maji?" Wairimu alicheka, mara ya kwanza wiki ile, na mimi nilitaka kumpiga. Nyaguthii alitupa vioo. Vanishi ile iliyonata ingeziba msasa kwa dakika moja, kwa hiyo tuliikwangua kwa ukingo wa kioo, tukifuata nyuzi, mbele tu, na ilitoka kwa vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Nilijikata, nikafunga kitambaa, nikaendelea. Kisha akachukua penseli akachora mistari juu ya meza yote, ovyo ovyo, kama mtoto. "Sasa funga msasa kwa kipande cha mbao. Si kidole. Kidole ni mchimbaji. Utasugua ukifuata nyuzi mpaka penseli yote ikwishe. Ikibaki penseli, hujafika. Ikikwisha, tunachora tena, tunakuja namba inayofuata. Hakuna kuruka." Niliposugua kwa kasi alinipiga mkono. "Kuku hawapo," akasema. Tulisugua Alhamisi kutwa. Tulihamisha meza kufuata dirisha, kwa sababu alikataa kutazama chochote kwa mwanga uliotoka juu. Vumbi la mukima linawasha, shingo zetu zilikuwa nyekundu, na Maitu aliingia na kutoka na chai bila kuuliza swali. Nilimsikia jikoni akimwambia Wairimu, kwa sauti ndogo, "Usifunge masufuria bado."

Ijumaa mchana mikwaruzo ilikuwa imekwisha. Bonde lilikuwa bado lipo. Nilishika msasa wa meno nikasema tushushe meza yote mpaka ilingane nalo. Nyaguthii aliunyakua mkononi mwangu. "Unajua mbao imebaki unene gani? Ukiishusha yote, Jumamosi itapasuka katikati ya wakwe, na nyama juu yake. Umechimba mahali pamoja, sasa unataka kuchimba kila mahali ndio usionekane ulichimba." Nikamwambia Githinji ataliona. "Ataliona," akasema. "Wewe ulitaka asione nini? Aone meza." Vanishi hakuigusa tena. Tuliyeyusha nta ya nyuki na tone la mafuta ya taa, tukaisugua kwa blanketi kuukuu mpaka mabega yakafa ganzi, na mukima ikatoa yale maua yake ya fedha, michoro ya ndani ya mbao, ambayo rangi ya kijani ingeyafunika milele. Tulikuwa bado tunasugua vijana wa Baba Mkubwa walipofika kuchukua masufuria. Maitu aliwakuta uani. Kupitia dirishani nilimsikia akisema, "Mwambieni Githinji masufuria yako na kazi hapa." Mmoja akasema, "Lakini cucu, alituambia..." "Na mimi nimekuambia."

Usiku wa kuamkia Jumamosi nilitandika kitambaa cheupe juu ya meza, kile cha kanisa, nikakivuta kikafunika bonde. Asubuhi Maitu alikuta nimekitandika, akakiondoa, akakikunja. "Githinji akikiinua yeye mbele ya watu, ni aibu," alisema. "Nikikiondoa mimi, ni meza." Hakuwahi kuitandika kitambaa tena maisha yake yote.

Wakwe walikuja na nyimbo mpaka langoni, wanawake wetu wakawajibu kwa nyimbo na kejeli mpaka wakaruhusiwa. Wazee wao walikaa kuzunguka meza, msemaji wao katikati, mzee mrefu mwenye kikohozi na koti la kijivu. Baba Mkubwa alikaa kwenye kichwa cha meza. Aliketi bila kuulizwa, na hakuna aliyemwinua. Tulileta mukimo, nyama, na njahi, yale maharagwe meusi. Mimi nilikuwa nahudumu, kwa hiyo niliona kila kitu. Nilimwona akipitisha kiganja juu ya mbao akitafuta mikwaruzo, na hakuipata, na uso wake ukabadilika. Kisha vidole vikafika kwenye bonde, na uso ukarudi ulivyokuwa. Alikiweka kikombe chake cha chai pale pale, nusu ndani nusu nje. Kikainama, chai ikamwagika, ikatiririka kuelekea katikati ikakaa. "Mtatusamehe," aliwaambia wakwe, akipangusa mkono. "Nyumba hii haina baba, na meza yake imechongwa na msichana. Nilisema tangu mwanzo tukae kwangu. Hata sasa hatujachelewa. Ni hapo tu, ng'ambo ya shamba la viazi. Tukishakula tutahamia huko, tuzungumze kama wanaume."

Msemaji wa wakwe alitazama chai, akawatazama wenzake. Mmoja wao alikuwa ameanza kutafuta fimbo yake chini ya kiti. Niliona Maitu mlangoni, na sijawahi kuona mtu akisimama wima namna ile. Niliifuta chai kwa aproni. Nilifikiria namba arobaini, nilifikiria kidole changu gumba, na ningeweza kukikata. Yule msemaji akakohoa, akasema, "Kabla ya kuhama ama kutohama, sisi hatujajua kama msichana anatutaka. Aje atuonyeshe." Ni desturi. Msichana huleta uji uliochachuka kwenye kibuyu, anaonja mbele ya watu, halafu anampa baba yake. Akionja na kumpa, amekubali, na yule aliyepokea ndiye baba, ndiye wa kuzungumza naye. Baba Mkubwa alivuta kiti chake mbele akatengeneza kola.

Wairimu aliingia na kibuyu cha Maitu, kile kikubwa kilichokatwa shingo, chini ni mviringo kama kiazi. Kibuyu cha namna hiyo hakiwekwi. Kinapita kutoka mkono hadi mkono mpaka kiishe, kwa sababu ukikiweka mahali kinalala na uji unakwenda. Wairimu alionja. Mdomo wake ulibaki na alama nyeupe. Baba Mkubwa alinyoosha mikono yote miwili. Wairimu akaipita mikono ile, akainama juu ya meza, akakiweka kibuyu kwenye bonde. Nilisikia mama mmoja akivuta pumzi. Wairimu aliondoa kidole kimoja, halafu kingine, halafu mikono yote. Kibuyu kiliyumba kidogo, kikakaa. "Baba hayuko," alisema, bila kumtazama yeyote. "Hizi ni mbao zake. Yeye ndiye alizipandisha kwa itara. Nimemwekea."

Mikono ya Baba Mkubwa ilikuwa bado imenyooshwa, na alikuwa mtu wa heshima mno asiweze kuirudisha haraka, kwa hiyo ilikaa hewani. Msemaji wa wakwe alikitazama kibuyu kilichosimama peke yake, akainama, akapitisha kidole kuzunguka chini yake, kando ya bonde. "Nani alichonga hii?" akauliza. Wairimu akaninyooshea kidevu. Yule mzee alinitazama, mimi na shingo yangu nyekundu ya vumbi. Hakunisifu. Alirudi kitini akamwambia mwenzake, "Weka fimbo chini. Tumeshafika." Kisha akamwita Maitu kwa jina la heshima, Nyina wa Wairimu, yaani mama yake Wairimu, akamwambia achukue uji wa mumewe. Maitu akatoka mlangoni, akapita nyuma ya kiti cha shemeji yake, akakiinua kibuyu, akanywa. Mbuzi waliingia zizi letu. Githinji alikula vizuri siku ile, na alikuwa baba mkubwa wetu mpaka alipokufa, lakini shamba la mtoni lililimwa na Maitu.

Watu wengi walisema baadaye kwamba nilichonga lile bonde makusudi. Wengine wanakuja kwangu mpaka leo wakitaka meza yenye mahali pa kibuyu, na ninawaambia sitengenezi. Sikuchonga makusudi. Nilifukuza doa. Nimepiga msasa maelfu ya meza tangu hapo, na kila fundi ninayemwajiri huikuta penseli mezani siku ya kwanza, na akisugua kwa kidole ninamrudisha nyumbani. Nilirudi Karatina mwezi uleule nikamwambia fundi mkuu nataka randa. Akasema wanawake hawashiki randa hapa. Nikaenda nikasimamisha benchi langu upande wa pili wa barabara, na Nyaguthii akavuka kunifuata, akibeba vioo vyake, akilalamika kwamba chai yangu haina tangawizi.

Nilipofika hapo Muriithi alikuwa amekaa, ameishika mashine magotini kama mtoto mchanga. "Lakini tata," alisema, "hata hivyo nta imechakaa. Kuna uchafu. Lazima isafishwe." Ni kweli, na nilimwambia ni kweli. Kioo, nikamwambia, si mashine. Mashine ni bapa, itakula pande zote mpaka bonde liishe. Mlango wa jikoni ukafunguliwa na Wairimu akaingia, mzee sasa, na miwani, amebeba kibuyu cha uji kwa ajili ya wageni, kichwa amekigeuza nyuma, anamgombeza mtu fulani kuhusu kuni mbichi. Hakuitazama meza. Alinyoosha mkono, akakiweka kibuyu, akauondoa mkono, akarudi jikoni bado anagomba. Kibuyu hakikuyumba. Muriithi alikitazama mpaka mvuke ukapungua. Kisha akaanza kukunja waya, taratibu, kuzunguka kiganja.